Makuti Juu ya Mzazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupita mlango wa uani. Ilikuwa siku ya tatu ya mwezi, asubuhi, natoka dukani na chupa ya mafuta ya taa, nikaiona baiskeli ya mwenye nyumba imeegemezwa kwenye nguzo ya baraza. Mfukoni nilikuwa na shilingi nane. Kodi ya chumba ilikuwa kumi na tano. Mtu mwingine yeyote wa Msambweni angepita mbele, angeamkia, angeulizwa hali naye akauliza, kisha angetoa zile nane na kusema zilizobaki zinakuja. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, nikajikunja jikoni kati ya mafiga na mtungi, nikakaa hapo mpaka niliposikia kengele ya baiskeli ikielekea njia ya Gazi, alikokuwa akiishi.

Kulipa nusu kulinitia aibu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sikusoma shule, na kila nilichokijua nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kwa hivyo niliamini kwamba kitu kikitoka mkononi mwangu hakijakamilika watu watasema, basi, ndivyo walivyo wasiosoma. Nilijifundisha kusoma Diani, kwenye nyumba ya Wazungu wawili wazee niliyokuwa nikiitunza. Walikuwa na magazeti ya zamani na kamusi iliyopotea kurasa za mwisho. Mwaka wa pili wa Uhuru waliuza nyumba ile wakarudi kwao. Mshahara wangu wa mwisho walisema watautuma kwa posta. Nilikwenda posta kila Jumanne na kila Ijumaa. Karani wa posta akaanza kutikisa kichwa tangu nikiwa bado mlangoni.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Sikumwambia. Alijua tu kwamba kazi imekwisha, ila kuhusu kodi nilimwambia, "Hilo nimelimaliza." Akaendelea kuchambua mchele.

Zile shilingi nane nilizitia ndani ya bahasha, nikaificha chini ya godoro, zingoje wenzao saba. Nikaanza kuandika barua. Nilitaka kumweleza mwenye nyumba kila kitu kwa mpangilio mzuri: kuondoka kwa waajiri wangu, ahadi ya posta, heshima yangu kwake, tarehe nitakayolipa. Karatasi ya kwanza iliingia doa la wino. Ya pili mistari ilipanda upande wa kulia kama mchwa. Ya tatu niliona nimeandika "naomba" mara nne, nikaona najidhalilisha. Ya nne sikuandika "naomba" hata mara moja, nikaona nina kiburi. Niliandika barua saba. Hata moja haikufika Gazi. Nikisema leo kwamba nilikuwa na shughuli nyingi nitakuwa nasema uongo. Kila asubuhi nilikuwa na hofu, na kuandika kulinipa sababu ya kutotoka.

Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba nyingi za pale: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, paa la makuti. Chumba chetu kilikuwa cha tatu kulia, cha mwisho kabla ya ua. Ng'ambo ya ukumbi alikaa mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi. Alikuwa amepanga pale miaka tisa, na hakuna aliyemjua mwenye nyumba kuliko yeye. Mwezi uliofuata mwenye nyumba alipokuja, alinikuta barabarani pasipo pa kujificha. Nikamwamkia. Akaitika vizuri. Akaniuliza hali, akaniuliza kama mvua imetufikia, akapanda baiskeli yake akaenda. Kodi hakuitaja.

Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia yule jirani, "Mzee ni mtu mwema sana. Hakunidai."

Mkono wake ukasimama juu ya karai la mafuta. "Hakukudai?"

"Hata neno."

"Na mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita sikuonana naye."

Aligeuza andazi, akaligeuza tena ingawa lilikwisha kuiva. "Mdogo wangu," akasema, "yule akigomba, lala. Akikupigia kelele hapo barazani mpaka watu wa msikitini wakatoka kuchungulia, lala kabisa. Mimi kanigombeza miaka tisa, nami nipo. Lakini humu wametoka wapangaji wanne mbele ya macho yangu, na wote wanne alianza nao hivyo hivyo. Anakuamkia tu. Halafu anamleta fundi atazame makuti. Halafu barua, ya ustaarabu, utafikiri ya harusi. Halafu ngazi."

"Ngazi?"

"Anaezua juu ya chumba chako. Anasema yuwatengeneza paa. Nani atamkataza mtu kutengeneza nyumba yake? Ukishalala chini ya nyota siku tatu unatafuta pengine mwenyewe. Hakukufukuza mtu." Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Nenda Gazi. Nenda leo."

Sikwenda. Nilikuwa sijamaliza barua ya saba.

Siku tatu baadaye mke wangu alijifungua, mtoto wa kiume, mle mle chumbani, mikononi mwa mama yake aliyekuwa amekuja kutoka Kikoneni. Nilimwadhinia mwanangu sikioni kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, na watu wakafikiri ni kwa furaha. Ilikuwa furaha pia. Lakini nilipokuwa nikisema yale maneno macho yangu yalikuwa juu, kwenye makuti. Yalikuwa makuti ya zamani, meusi kwa moshi, na katika pembe moja mwanga wa jua ulipenya kama sindano. Nilifikiri: mzazi hatoki chumbani siku arubaini. Kwetu mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na siku zote hizo hukaa ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, karai la makaa chini ya kitanda, na upepo haumpigi. Mtu akimwondoa kabla ya siku zake, hata awe nani, hilo litasemwa mpaka wajukuu. Nikaanza kuhesabu. Sikuwa nikihesabu umri wa mtoto kama baba wengine. Nilihesabu zilizobaki.

Habari za mtoto zilipaswa kwenda Gazi siku ile ile. Mwenye nyumba huambiwa. Ni adabu, maana mtoto kazaliwa chini ya paa lake. Lakini nitamwendeaje na habari ya mtoto bila kodi? Na akika je? Siku ya saba ilikuwa inakuja, watu wangetazamia mbuzi na nyama kugawanywa, nami sikuwa na hata jogoo. Nikaona bora habari isiende mbali. Nikamwomba jirani asimwambie mtu wa nje.

"Nisiseme nini?" akauliza.

"Kwamba amezaliwa. Kwa sasa tu."

"Mtoto amekuwa magendo?" Lakini alinihurumia, akanyamaza. Naandika haya na uso unanichoma. Nilimficha mwanangu kama kitu cha wizi.

Siku ya tisa fundi alikuja. Nilikuwa nimekaa barazani. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa, akasimama barabarani na kuanza kulihesabu paa letu kwa kidole, safu kwa safu, midomo ikicheza. Alipofika upande wetu wa kulia akahesabu mara mbili. Akaniona.

"Salaam aleikum, kijana. Chumba cha mwisho huku ni chako?"

"Aleikum salaam. Ni changu."

"Mko wangapi?"

Ningesema wanne, na mmoja wetu ana siku tisa, hadithi hii ingeishia hapo. Lakini niliogopa kwamba akisikia tuko wanne, mwenye nyumba atasema tumejaza watu chumbani bila kulipa. Nikasema, "Wawili."

"Wawili," akarudia kama anayeandika, akaenda zake.

Tangu siku ile sikula vizuri. Nilijifanya natafuta kazi, na kweli nilitafuta, ila nilikuwa nikirudi kila baada ya saa mbili kutazama kama paa bado lipo. Nikiwa njiani nilikuwa nikitazama kwanza kati ya minazi, mahali ambapo mgongo wa paa huanza kuonekana, na nikiuona napumua. Mke wangu alikuwa kitandani, amefungwa kanga tumboni, amenawiri, anamnyonyesha mtoto na kumwimbia taratibu. Aliniuliza, "Mbona watazama juu kila ukiingia?"

"Natazama kama panavuja."

"Mvua haijanyesha wiki mbili."

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzito. Alipokuwa akimkanda binti yake nilisikia vishindo kutoka uani. Jambo moja tu alinikumbusha kila siku, kwa kupitia kwa wengine, maana mkwe hamgombezi mkwe. Alikuwa akimwambia mtoto, nami nimo mlangoni: "Babu wee, mama yako yuwala muhogo. Mzazi wa muhogo umemwona wapi? Kuku wameisha Msambweni?" Nami chini ya godoro lile lile nilikuwa na bahasha yenye shilingi nane. Kuku watatu, labda wanne. Sikuigusa. Niliona nikiitoa hata shilingi moja kodi haitakamilika kamwe. Haya ndiyo ninayoona aibu zaidi kuyaandika. Mke wangu alikuwa amelalia kuku wake mwenyewe.

Barua ilifika siku ya ishirini. Aliileta mpwa wake mwenye nyumba, akanipa kwa mikono miwili, akakataa hata maji. Nilikwenda kuisomea nyuma ya choo. Ilikuwa imeandikwa na mwandishi wa sokoni, mwandiko mzuri kuliko wangu, na chini kulikuwa na alama za dole gumba za mashahidi wawili. Ilianza kwa salaam ndefu. Ilinitakia afya. Kisha ikasema kwamba paa la nyumba limechakaa, kwamba fundi ameonelea lianze kuezuliwa upande wa kulia, na kwamba mpangaji wa chumba cha tatu anaombwa kwa heshima awe amekwisha kukiacha wazi ifikapo Jumatatu ya wiki ijayo.

Niliisoma nikitafuta neno kodi. Nilikuwa nimejitayarisha kujibu kuhusu kodi; majibu yote ya zile barua saba yalikuwa kichwani mwangu, yamepangwa. Neno kodi halikuwamo. Sikudaiwa kitu. Ile ndiyo saa niliyoogopa kweli kweli, kwa sababu nilielewa kwamba hakuna tena nafasi ya mimi kusema. Jumatatu ingekuwa siku ya ishirini na tisa.

Nilikwenda Kwale, kwenye ofisi ya wilaya. Nilipata lori la mchanga mpaka Ukunda, kisha jingine mpaka juu. Nilivaa shati langu la kazi ya Diani, jeupe, nililolipiga pasi usiku kwa makaa, na barua nimeitia ndani ya kitabu isikunjike. Sijui nilidhani nini. Nadhani nilifikiri kwamba sasa serikali ni yetu, na mtu akiingia ofisini na shati safi na Kiswahili kilichonyooka atasikilizwa. Nilingoja kwenye benchi mpaka saa sita. Karani aliyenisikiliza alikuwa wa bara, kijana kama mimi, amechoka.

"Sema."

"Shikamoo."

Akanitazama kama anayepima kama namdhihaki. "Sema shida."

"Nafukuzwa nyumba."

"Umefukuzwa lini?"

"Bado. Jumatatu."

"Basi njoo Jumanne." Mwenzake wa meza ya pili akacheka. Lakini yule wa kwanza alinyoosha mkono akaitaka barua, akaisoma yote, akaigeuza nyuma akaona hakuna kitu. "Hii ni barua ya makuti," akasema.

"Ndiyo, lakini ukweli ni kodi."

"Unadaiwa?"

"Miezi miwili. Wa tatu unaingia."

"Sasa wewe umekuja hapa kunionyesha barua ya makuti ili uniambie unadaiwa kodi." Alisema bila ubaya, kama mtu anayenisaidia kujumlisha. "Akitaka kukutoa kwa ajili ya kodi, aende kortini, na huko utapewa nafasi useme. Lakini hapa hakutaja kodi. Anatengeneza nyumba yake. Wewe ulimwambia nini?"

"Sijamwambia kitu."

"Kwa nini?"

Nililitazama shati langu jeupe. Akanirudishia barua na kuita, "Mwingine!"

Kutoka Kwale kurudi sikumbuki njia. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimekaa juu ya mchanga na nikijiuliza kama ningeweza kumbeba mke wangu na kitanda chake, mtoto na karai la makaa, vyote kwa mpigo, bila upepo kumpata. Niliuwaza mpango huo kwa makini sana. Nilifika mpaka kwenye kamba.

Bado sikumwambia mke wangu. Jumamosi ilipita, Jumapili ikapita. Jirani alikuwa akinitazama na kugeuza uso. Jumapili jioni aliniambia, "Kama husemi wewe, nitasema mimi." Nikamwomba asubiri mpaka asubuhi.

Jumatatu walikuja mapema, jua halijapanda juu ya minazi. Nilikuwa uani, nina birika la maji ya moto mkononi. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa, kisha ngazi ikagonga ukuta, ukuta wa chumba chetu. Mtoto akashtuka akalia. Nikasikia sauti ya fundi, "Hodi wenyewe!"

Niliingia chooni nikafunga.

Sitaki kulipamba. Nilisimama mle ndani na birika, nikawa natazama mwanga kati ya mbao za mlango, na yote yaliyofuata niliyasikia tu.

Mama mkwe alitoka kupitia ukumbini. Miguu yake niliijua. "Mwataka nini na ngazi yenu?"

"Tumetumwa na mwenyewe, mama. Twaezua upande huu."

"Upande huu una mzazi."

"Una nini?"

"Mzazi. Mtoto ana siku ishirini na tisa. Mbona umetoa macho? Panda! Si umekuja kupanda? Sasa hivi ndio namvua nguo nimkande. Panda, ukifika juu utuangalilie kama tumbo limerudi, maana macho yangu mimi yamekwisha."

Kulikuwa na mwanamume wa pili, msaidizi wake; nilimsikia akicheka na kujizuia. Fundi hakucheka. "Astaghfirullah," akasema. "Mama, sisi hatukuambiwa. Wallahi hatukuambiwa."

"Nyumba nzima yanuka udi na mafuta ya nazi. Pua zenu mmewaachia wake zenu?"

"Nilimwuliza kijana mwenyewe. Pale barazani. Nikamwuliza mko wangapi, akaniambia wawili."

Jirani naye akatokea. "Wanne!" akapaza sauti. "Wanne, na mmoja hana hata meno! Nenda kamwambie mwenyewe Gazi kwamba umemkuta mzazi chini ya makuti yake, umwambie na mimi nimesema."

"Huyo kijana yuko wapi?" fundi akauliza.

Katika mwaka mzima wa ndoa yangu mama mkwe hakuwahi kunitaja kwa ubaya, wala kunitazama usoni zaidi ya salaam. "Yuko chooni tangu mlipopiga hodi," akasema. "Labda naye yuwajifungua."

Ngazi iliondolewa ukutani. Hakuna mwanamume wa pwani hii angepanda juu ya chumba cha mzazi, hata kwa mshahara wa mwaka. Nilisikia wakiiburuta mpaka barabarani. Nilikaa mle chooni mpaka birika likapoa.

Nilipotoka mke wangu alikuwa ameketi kitandani, amejua yote. Jirani alikuwa amekwisha kumweleza, toka siku ya baiskeli. Hakulia. Aliinua pembe ya godoro, akatoa bahasha, akaihesabu ile fedha, akaniuliza, "Hizi ni za nini?"

"Za kodi."

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

Akamwita mama yake, akampa shilingi mbili, akasema, "Mama, nataka kuku." Zile sita akanirudishia mkononi. "Mzee atakuja leo," akasema. "Ukae barazani. Ukiingia tena chooni, mimi nitatoka nje mwenyewe nizungumze naye, na siku ishirini na tisa zangu na kila kitu."

Nilikaa barazani. Alikuja baada ya sala ya alasiri. Aliteremka baiskeli taratibu; alikuwa mtu mnene na goti lilikuwa likimsumbua. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo. Hakuitika kwanza. Alikaa, akafuta jasho, akatazama kiti cha pili mpaka nikakaa nami.

"Mtoto ana siku ngapi?"

"Ishirini na tisa, mzee."

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

"Alhamdulillahi." Akajisugua goti. "Nimeambiwa na fundi wa makuti. Si na wewe, si na mkweo, na fundi wa makuti. Kanikuta nimekaa na watu. Kasema mbele yao, mzee, umetutuma tumwezue mzazi. Mimi. Nimekaa na jina langu miaka sitini, wewe umenifanya nani?"

Nikaanza maelezo yangu. Nilianza na waajiri wa Diani, kama ilivyokuwa katika barua ya saba. Akainua kiganja.

"Siku ile nilikuona," akasema. "Ulikuwa na chupa ya mafuta ya taa. Nikasema huyu ataingia sasa hivi anipe hata shilingi tatu, tuzungumze. Nikangoja. Jirani yako akaniletea chai, nikainywa polepole ili nikupe nafasi. Mtu anayeniomba radhi mlangoni nitamfanya nini? Lakini mtu anayenikimbia, nasema huyu hanitaki mimi."

Nilitoa zile shilingi sita, nikamnyooshea.

Hakuzipokea. "Nikizishika leo utakuwa bado mpangaji wangu, nami chumba nimekwisha kumpa mwalimu. Amepangiwa shule hapa, aja mwisho wa wiki, nitamwambia angoje. Mzazi akae atimize arubaini yake. Juu ya kichwa chake hapana atakayepanda. Siku ya arubaini na moja nataka chumba changu." Aliinuka akajishika goti. "Na hizo mnunulie nyama. Zile za nyuma utanilipa ukipata, sitakufuata."

Kisha akapiga hodi mlangoni mwa ukumbi, akasema kwa sauti hongera na salaam kwa mzazi, na mke wangu akamwitikia kutoka ndani. Akaondoka.

Tulikaa siku zile kumi na moja zilizobaki. Sikuogopa tena kwa namna ile ya kwanza, ila kila asubuhi nilijua idadi kabla sijafungua macho. Siku ya arubaini mtoto alinyolewa, mke wangu akaoshwa, akavaa kanga mpya alizoletewa na jirani, akatoka mpaka barazani, akasimama kwenye jua akiwa amefumba macho. Kesho yake tulipakia kitanda, masanduku mawili na vyombo kwenye mkokoteni, tukaenda Kikoneni kwa wakwe zangu. Nilikaa kwa mkwe miezi mitano. Hakuna aliyenitajia choo.

Sasa tuna chumba Ukunda, nami naandika vitabu vya stoo kwenye hoteli moja mpya. Deni la Msambweni nilimaliza kulipa mwaka jana, nikilipeleka Gazi kwa vipande vidogo vidogo, mara nyingine shilingi mbili. Mke wangu anajua kodi yetu ni kiasi gani na imelipwa mpaka lini. Mwezi tukipungukiwa, twaenda kwa mwenye nyumba kabla hajaja, sote wawili, na kile kilichopo. Bado naogopa ninapobisha hodi, lakini nabisha.